Samadi Haiuzwi

Ng'ombe wa Bi Asmahani walikuwa watatu, na kila mmoja kapewa jina la mtu aliyewahi kumuudhi. Mkubwa aliitwa Wifi, kwa ajili ya mke wa kaka yake kule Mkwaja. Wa pili aliitwa Jirani, na jirani mwenyewe, Mwatumu wa nyumba ya pili, alijua fika kwamba ni yeye. Wa tatu aliitwa Karani, kwa ajili ya karani mmoja wa mjini aliyemweka juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akamwambia ofisi imefungwa. Kwa hiyo kila alfajiri mtaa wa Makorora uliamka kwa sauti ya Bi Asmahani akiwasema watu hao watatu huku akikamua, na hakuna aliyeweza kumshitaki, maana mtu hashitakiwi kwa kuzungumza na ng'ombe wake.

Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia nyumba, ua mpana, na hao ng'ombe, na maziwa yao ndiyo yaliyomweka mjini akijitawala. Kaka yake Uweso hakuacha kumletea salamu kwa kila msafiri aliyetoka Mkwaja: chumba kiko tayari, rudi nyumbani, mwanamke hakai peke yake. Chumba chenyewe Bi Asmahani alikijua. Kilikuwa nyuma, kando ya jiko, na mlango wake ulifungukia mahali pale pale wifi alipoketi kupepeta mchele na kusengenya. Alisema mwanamke akiingia chumba kile hatoki ila kwa sanda, na yeye sanda yake alitaka kuivalia Tanga.

Sasa, ng'ombe watatu wanakula, na wanaokula hutoa. Samadi ilikuwa imerundikana pembeni mwa ua miaka na miaka mpaka ikafikia dirisha la Mwatumu, na inzi wake hawakujua mpaka wa nyumba na nyumba. Mwatumu alikwenda kushitaki. Akaja Bwana Afya, Fanueli, Mbondei wa Muheza, mtu mwembamba mwenye baiskeli safi na maneno safi zaidi. Akavua kofia, akaamkia shikamoo, akamweleza Bi Asmahani kwamba rundo lile liwe limeondoka kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, la sivyo ng'ombe watoke mjini. Alisema kwa upole sana, na upole wenyewe ndio uliomtisha. Mtu akikufokea unajua hasira zitamshuka, lakini mtu mpole huwa ameshaamua.

Bi Asmahani akaanza kutafuta mwenye mkokoteni wa kulibeba rundo likatupwe. Wote walinusa, wakataja ujira wa kumfilisi, wakaenda zao. Ndipo akatokea Kristofa.

Kristofa alikuwa Msambaa wa milima ya huko juu, ng'ambo ya Amani, Mlutheri wa kuimba Jumapili mpaka mishipa imtoke. Alishuka pwani kukata mkonge, mkonge ukamchosha, akakodi kipande cha ardhi kando ya kijito nje kidogo ya mji akalima bilinganya, nyanya na mchicha. Ardhi ilikuwa mchanga mtupu. Alikuwa akipita njia siku hiyo akaliona rundo kupitia uwazi wa ua, akasimama kama mtu aliyemwona nduguye aliyepotea. Akabisha hodi, akaingia, akainama, akachukua konzi moja, akaifikicha, akainusa, akatabasamu.

Hilo tabasamu ndilo kosa lake. Asubuhi ile Bi Asmahani alikuwa tayari kulipa rundo lichukuliwe. Lakini alipomwona mtu mzima, mwenye akili zake, anatabasamu juu ya samadi, pale pale ikageuka mali. Kristofa akasema yuko radhi kumwondolea mzigo huo bure, kwa ujirani mwema. Bi Asmahani akauliza ni nani aliyemwambia kuwa ni mzigo.

Wazigua na Wasambaa ni watani tangu enzi za mababu, na Bi Asmahani alikuwa Mzigua wa pwani, kwa hiyo matusi yalikuwa halali na yakaanza bila kuchelewa. Kristofa alisema Mzigua hajapata kumiliki kitu cha maana, na sasa amekipata ni hiki. Bi Asmahani akajibu kwamba Msambaa alishuka kutoka mlimani kwa sababu ya njaa, na njaa hiyo sasa imemfikisha kwenye mavi ya ng'ombe. Kila siku alikuja, kila siku wakatukanana, kila siku bei ikakwama. Mwatumu, ambaye hakukosa hata siku moja kuwasikiliza kupitia dirishani, mwishowe uvumilivu ulimwishia akapaza sauti:

"Mavi usiyoyala, wayawingiani kuku?"

Yaani kumfukuza kuku kwenye mavi usiyoyala mwenyewe ni kwa nini? Wakacheka wote watatu, na kicheko kikafanya kazi iliyoyashinda matusi. Wakapatana: Kristofa atachukua samadi yote, na kila Ijumaa ataleta kapu la mboga.

Ingeishia hapo, laiti Bi Asmahani asingekuwa mwanamke wa sala tano. Usiku alikumbuka kitu alichowahi kukisikia darasani, akageuka upande wa kulia, akageuka wa kushoto, na asubuhi akamburura Kristofa mpaka barazani kwa Shekhe Mwinyijuma kuuliza.

Shekhe Mwinyijuma alikuwa mzee nadhifu, kanzu yake haina doa, na alipenda bilinganya za kukaanga kuliko ilivyompasa mtu wa umri wake. Akasikiliza yote, akatikisa kichwa. Akasema samadi ni najisi, hata ya mnyama wa halali, na kitu najisi hakiuzwi, na thamani yake hailiwi, ikiwa fedha au ikiwa mboga. Biashara yao ilikuwa batili kabla haijaanza.

Bi Asmahani aliona mboga zinamponyoka. Kristofa akafurahi, akasema basi, kama si mali, yeye atachukua bure. Shekhe akamwambia hapana, huwezi kuchukua kilicho chini ya mkono wa mtu bila ridhaa yake. Wakatazamana. Kitu hakiuzwi, wala hakichukuliki, wala hakiwezi kukaa pale kilipo, kwa maana mwezi ulikuwa karibu kuandama na Fanueli na baiskeli yake alikuwa njiani.

Shekhe akasema wanavyuoni wa zamani hawakuwa wajinga, nao walikuwa na mashamba. Mwenye samadi haruhusiwi kuiuza, lakini anaruhusiwa kupewa kitu ili aondoe mkono wake juu yake.

"Halipwi kwa kile kitu," alisema. "Analipwa kwa kukiacha."

Kristofa aliyatafakari hayo, akakiri kwamba huko kanisani kwao hawajafika umbali huo. Bi Asmahani akaweka ahadi mbele ya Shekhe: kila Ijumaa ataondoa mkono wake juu ya samadi ya wiki ile, amwachie Kristofa na si mtu mwingine, mpaka Ramadhani ya mwaka wa pili. Na ili mashahidi waone kwa macho, akanyosha mkono wa kulia juu, na bangili zikamshuka mpaka kwenye kiwiko. Kristofa aliipenda ibada hiyo. Tangu siku ile hakukubali kushika beleshi kabla Bi Asmahani hajasimama mbele ya rundo akanyosha mkono, naye Bi Asmahani aliunyosha, huku akimwapiza kwa Kizigua. Na Shekhe, kwa vile nyumba yake ilikuwa njiani, hakupitwa na bilinganya.

Rundo likaondoka, Fanueli akaja akakuta ua umefagiliwa, akavua kofia, akapewa kikombe cha maziwa. Ng'ombe walibaki. Bi Asmahani alikaa kizingitini jioni ile akaimba.

Miezi haikuwa mingi bilinganya za Kristofa zikaingia sokoni, nyeusi, zimewanda, zinang'aa mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Watu wakauliza amefanyaje, naye akasema kweli, na hiyo kweli ikaigeuza Makorora juu chini. Wale wale waliokuwa wakiziba pua sasa walianza kuwafuata ng'ombe wa Bi Asmahani walipokuwa wakienda malishoni, kila mtu na pakacha lake. Mwatumu ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Kinyesi kilipodondoka njiani walikigombania, na Shekhe Mwinyijuma hakulala mchana kwa kuulizwa mkono juu ya kinyesi cha njiani ni wa nani. Akatoa fatwa kwamba ni wa aliyewahi. Mwatumu akaanza kukimbia.

Habari zikifika sokoni, serikalini zimeshafika. Akaja kijana mmoja, Ernesti, Bwana Shamba, kaptula imepigwa pasi, amehitimu masomo ya kilimo na bado yanamsumbua. Alisema serikali inataka samadi ienee pwani nzima, kwa sababu mchanga wa pwani umechoka, na mbolea ya chumvichumvi, ile ya magunia, inakuja kwa meli na mkulima mdogo haimudu. Akalima shamba la mfano, ng'ambo tu ya mfereji uliotoka kwenye kile kijito, kuelekeana na bustani ya Kristofa, akasimika bango kubwa la mbao lenye maandishi meupe. Akasia bilinganya. Kisha akapita kwa wenye mifugo wote akiwataka watoe samadi, bure, kwa ajili ya maendeleo.

Neno bure ndilo lililomchoma Bi Asmahani. Alijisemea: Kristofa Msambaa, asiye na hata viatu vya Jumapili, analeta kapu, serikali yenye treni na bandari inakuja mikono mitupu. Tena alikuwa ameahidi mbele ya Shekhe kwamba ataondoa mkono kwa Kristofa tu. Kuvunja ahadi ni dhambi, kuinyima serikali ni balaa. Akatafuta njia ya katikati, na akaipata, na akajiona mjanja kuliko wanavyuoni wote wa zamani.

Alikwenda kwa seremala akaomba unga wa mbao. Akachanganya na mchanga wa uani, makumbi ya nazi yaliyosagika, na majani makavu. Akaumwagilia mkojo wa Karani ili unuke inavyopasa, na juu kabisa akaweka konzi chache za samadi ya kweli, za heshima. Ernesti alikuja na mkokoteni, akachota, akanusa, akasema hajapata kuona samadi iliyolainika namna ile. Bi Asmahani akajitia hamnazo, akamwambia ni ng'ombe wake, wanatafuna vizuri.

Hakuwa na nia mbaya, na hili lisemwe kwa haki yake. Alidhani shamba la serikali litaota tu. Kitu cha serikali, aliamini, kina wafanyakazi wa kukimwagilia na vyeo vya kukisimamia, kitakosaje kuota?

Aliyemtoa usingizini ni Fanueli. Alikuwa amezoea sasa kupita asubuhi kwa kikombe cha maziwa, na siku moja, huku akipangusa mdomo, akaeleza habari kama anayetaja hali ya hewa. Mkubwa mmoja angekuja kutoka Dar es Salaam kulitazama shamba la mfano. Huko Dar es Salaam wakubwa walikuwa wamegawanyika, wengine wakitaka samadi, wengine wakitaka mbolea ya magunia. Shamba likimridhisha, samadi itaenezwa, na ng'ombe wa mjini wataachwa wakae, kwa sababu wao ndio wanaoitoa. Lisipomridhisha, magunia yataletwa, na wanyama wote watatolewa mjini moja kwa moja. Si wa Bi Asmahani tu, wote.

"Basi tuombe Mungu shamba liwe zuri," alisema Fanueli, akarudisha kikombe.

Bi Asmahani alifunga kanga, akaenda kando ya mfereji kujionea. Bustani ya Kristofa upande huu ilikuwa imesongamana, majani mapana, matunda yananing'inia. Ng'ambo, chini ya bango kubwa, miche ya serikali ilikuwa imesimama njano, myembamba, kimo cha kifundo cha mguu, na Ernesti amepiga magoti katikati yake akiimwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Uso ulikuwa umemwingia ndani. Alimwamkia shikamoo bila kuinua macho. Bi Asmahani akaona chumba cha Mkwaja, mlango wake, na ungo wa wifi.

Akageuka akamfuata Kristofa bustanini, akamweleza yote, unga wa mbao na yote. Kristofa alicheka mpaka akakaa chini kati ya nyanya. Akacheka tena. Alipoweza kusema, akasema kwamba katika miaka yake yote hajapata kusikia Mzigua anailisha serikali mbao. Bi Asmahani akamngoja amalize, kwa sababu utani ni utani na hana haki ya kuukataa, kisha akamwomba.

Alichoomba kilikuwa kidogo, kwa kutazama. Bango lihamishwe. Asubuhi moja tu, mkubwa akija alikute limesimama kwenye bustani ya Kristofa, atazame, afurahi, aende zake, nalo lirudi mahali pake kabla ya adhuhuri. Kristofa akafikiri, akisugua udongo vidoleni. Ng'ombe wakitolewa mjini, yeye naye atapata wapi samadi? Akakubali. Akasema lakini siku hiyo kapu halitaletwa, na Bi Asmahani atanyosha mikono miwili.

Siku yenyewe, jua likichomoza, wawili hao walikuwa wameling'oa bango na wanalivusha mfereji, Kristofa mbele, Bi Asmahani nyuma akiburuza upande wake, wakati Ernesti alipotokea na ndoo ya maji. Akasimama. Alilitazama bango, akaitazama miche yake ya njano, akaitazama bustani ya Kristofa. Kisha akaweka ndoo chini, akaingia mferejini na viatu vyake, akashika upande wa Bi Asmahani.

"Inueni," alisema, "linaburuza."

Wakalisimika pamoja mbele ya bilinganya za Kristofa.

Mkubwa alifika saa tatu na gari na kofia pana. Alikuwa mgeni nchini, Kiswahili chake ni cha kuagiza chai, kwa hiyo Ernesti ndiye aliyekuwa mkalimani. Nusu ya Makorora ilikuwa imekuja kutazama, Shekhe Mwinyijuma kwenye kiti, Mwatumu mbele kabisa, Fanueli kando na baiskeli. Mkubwa alipita kati ya matuta, akabonyeza bilinganya, akachuma moja, akaiinua juu watu waione. Uso ulimwiva kwa furaha. Akasema maneno mengi, na Ernesti akayatoa kwa Kiswahili huku jasho likimtiririka: kwamba ubishi umekwisha, samadi itaenezwa pwani yote, na ng'ombe wa mjini wabaki mjini. Bi Asmahani alifumba macho akashukuru.

Kisha mkubwa akageuka, akaonyesha kidole ng'ambo ya mfereji, kwenye ile miche ya njano, akauliza lile ni shamba la nani.

Ernesti alikohoa. Watu wote wakamtazama. Akasema kitu, na alipokwisha sema alikuwa akitazama ardhi. Baadaye ilijulikana alichosema: kwamba ni la mkulima mmoja mkaidi, aliyekataa samadi.

Mkubwa akataka aletwe huyo mkaidi, basi Kristofa akaitwa. Akatoka kati ya watu, kofia mkononi, akasimamishwa mbele ya bilinganya zake mwenyewe, akafundishwa. Mkubwa alimweleza faida ya samadi kutoka mwanzo. Akamwonyesha jani zuri lilivyo, akamshikisha tunda, akampigapiga begani, akamwambia asiogope mambo mapya. Kristofa akasema ndiyo bwana, nimesikia bwana. Watu walikuwa wamejiziba midomo kwa kanga na vilemba, Mwatumu machozi yanamtoka, na hata Shekhe alikuwa amegeukia upande wa pili mabega yanamtikisika. Ilikuwa furaha tupu.

Lakini mkubwa hakuwa amemaliza. Moyo ulikuwa umemjaa, na mkubwa aliyejaa moyo hutoa amri. Akasema bustani kama hii haifai kuachwa. Tangu leo ni shamba la serikali la kudumu, litazungushiwa waya, mazao yake yatakwenda kulisha wagonjwa na wafungwa, na bango hilo lisiondolewe kamwe. Na yule mkulima mkaidi abaki na kipande chake kile cha ng'ambo, apande kwa samadi, ajifunze.

Ernesti alitafsiri kwa sauti ya chini. Kicheko kikafa.

Kristofa alikuwa bado kashika bilinganya aliyopewa. Neno lake moja tu lingetosha, na ng'ombe wangetoka mjini jioni ile ile, na Ernesti kazi ingemwisha. Alimtazama Bi Asmahani, mara moja, bila lawama, kisha akatazama pembeni. Bi Asmahani aliona afadhali angemtukana. Walikuwa wametukanana tangu siku ya kwanza, na matusi angejua la kuyajibu. Aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Akawaona ng'ombe wake, akakiona chumba cha Mkwaja, na maneno yakamtoka hata hivyo.

"Bwana, hii bustani ni ya huyu," alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Shamba la serikali ni lile bovu, na mimi ndiye niliyeliharibu. Niliwapa unga wa mbao. Ng'ombe wangu wachukueni mkitaka, lakini mrudishieni mtu ardhi yake."

Mji mzima ulisikia. Mkubwa akamgeukia Ernesti, akingoja. Ernesti akafungua kinywa, akasema sentensi mbili tatu za Kiingereza, laini, zilizonyooka. Na mkubwa akatabasamu, akapiga makofi, akaja akamshika Bi Asmahani mkono akautikisa kwa nguvu, akampigia saluti, akapanda gari akaenda.

"Kamwambia nini?" Bi Asmahani aliuliza.

Fanueli, aliyekijua Kiingereza, alikuwa amevua kofia tena. Akasema ametafsiri kwamba Bi Asmahani anaishukuru serikali kwa niaba ya akina mama wa Tanga, na anaomba samadi ienezwe mpaka kwao Mkwaja.

Wengine walicheka, lakini kidogo. Ernesti alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji, viatu majini. Hakuna aliyemwendea, na hakuna aliyemlaani sana pia, kwa kuwa kila mtu pale alikuwa na mkubwa wake anayemwogopa.

Jioni ile Bi Asmahani alikwenda kwa Kristofa akamwambia achague ng'ombe mmoja. Kristofa alikuwa akikusanya majembe yake kuyahamishia ng'ambo. Akakataa. Akasema ng'ombe atampeleka wapi, yeye ni mtu wa ardhi, na ardhi aliyoachiwa ni mchanga na unga wa mbao, itachukua misimu kurudi. Hakusema kwa ukali. Akamsalimia, akaendelea na kazi. Hakumtania hata kidogo, na hilo ndilo lililomrudisha Bi Asmahani nyumbani akilia njia nzima.

Kesho yake, jua likielekea kutua, Mwatumu alitoka nje akamwona Bi Asmahani anawafungua Wifi, Jirani na Karani, anawapitisha katikati ya Makorora, anawavusha mfereji. Akawafunga kwenye lile shamba bovu, kila mmoja pembe yake, mahali ambapo kila watakachokitoa kitaanguka pale pale panapokihitaji. Kristofa alisimama akamtazama. Kisha akaenda kukata miti ya kuwajengea boma. Hawakupelekana kwa Shekhe, wala hapakuwa na kapu, wala ahadi, wala shahidi. Ilipofika alfajiri Bi Asmahani alikuwa ameshafika na chombo chake cha kukamulia, kanga imelowa umande, anawasema ng'ombe wake kama kawaida, na kutoka gizani upande wa pili wa boma sauti ya Kisambaa ikamwambia apunguze kelele, Mzigua yeyote akipiga kelele namna ile maziwa yanaganda. Bi Asmahani akamjibu, na jibu lenyewe haliandikiki.

Baada ya wiki kadhaa Fanueli alikuja Makorora amefurahi, kwa kuwa alipenda kuleta habari njema na hakuzipata mara nyingi. Baraza la mji lilikuwa limekubali: ng'ombe wa Bi Asmahani wameruhusiwa kuishi uani mwake, kwa amri, na hapana mtu wa kuwagusa. Akavua kofia, akatazama huku na huku. Ua ulikuwa mweupe, umefagiliwa, kamba zimetundikwa ukutani. Akauliza ng'ombe wenyewe wako wapi.

"Nimewahamisha," alisema Bi Asmahani, akifunga mlango apate kwenda kukamua. "Ningeingoja serikali, Kristofa angekula nini?"